Kucheza kwa amri na kucheza kwa hiari: jioni moja ya tamasha Dzaleka

Ndugu zangu, zamu ya historia imenifikia mimi. Najua wengi mlitegemea niandike juu ya vita, maana sisi tukisema "historia" mara moja tunaanza na nani alikimbia mwaka gani. Leo naomba nianzie kwenye konseri. Vita vitakuja vyenyewe, havihitaji kuitwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Tamasha la Tumaini, hapa kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi. Saa kumi na moja jioni tulikuwa vijana watatu uani kwa mama mmoja wa kwetu, mama wa Uvira anayekaanga mandazi ya kuuza. Mimi Mkongomani. Wa pili Mrundi, tumesoma naye darasa moja. Wa tatu naye Mkongomani, zamani alikuwa akiuza nguo za mitumba mjini Lilongwe. Huyu nitamwita Muuzaji, maana hataki jina lake liandikwe.

Sisi wawili tumeshaoga, viatu vimefutwa, marashi kidogo. Muuzaji amekaa kwenye kigoda, hata shati hajabadilisha.

"Twende bwana, wameshaanza kujaribu spika."

"Nendeni. Mimi nimchezee nani?"

Tukacheka, tukidhani ni utani. Kumbe hakuwa anatania. Akasema: "Wageni watakuja na simu zao, tutacheza, watatupiga picha, watapiga makofi. Jumatatu watapanda minibasi waende zao. Mimi nitabaki hapa hapa. Sasa niambieni, nimchezee nani?"

Ili mumwelewe lazima mjue kilichotokea. Tarehe 27 Machi 2023 serikali ya Malawi ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na tarehe ya mwisho ikawekwa 15 Aprili. Mwezi wa tano watu wakaanza kurudishwa. Rafiki yangu alikuwa miongoni mwa waliorudi mwaka ule. Alirudi na begi moja na redio. Kambi hii ilitengwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumezidi 50,000. Basi mtu aliyekuwa na kibanda chake na wateja wake, sasa anangoja mgao kama sisi wengine, halafu unamwambia twende tukacheze. Kweli ana haki ya kuuliza.

Mimi sikuwa na jibu. Aliyejibu ni mama, bila kuinua macho kwenye karai la mafuta: "Mutoto yangu, mimi nilicheza sana kwa ajili ya mutu. Kila asubuhi, mbele ya bendera. Ukikataa, unaandikwa. Sasa wewe unauliza umuchezee nani? Uliza kwanza kama kuna mutu amekulazimisha."

Maneno yale yalinikaa kichwani usiku kucha. Siku zilizofuata nikaanza kusoma na kuuliza wazee, na hiki ndicho nilichokipata.

*Jina la mahali hapa*

Tuanze na jina. Dzaleka ni neno la Kichewa. Linatokana na kuleka, yaani kuacha. "Ndidzaleka" maana yake "nitaacha". Mrundi na Mnyarwanda hawahitaji kufundishwa hapo, kwao kuacha ni kureka, ndugu kabisa wa neno lile. Na kwa nini mahali paitwe "nitaacha"? Kwa sababu palikuwa gereza. Mtu akiingizwa hapa alitakiwa atoke akisema: nimekoma, sitarudia tena.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Hata miezi mitatu haikuisha, mawaziri kadhaa wakagombana na Hastings Kamuzu Banda. Wengine wakafukuzwa, wengine wakajiuzulu, na baadhi wakakimbilia nchi za jirani. Mmoja wao, Kanyama Chiume, aliishi miaka mingi Tanzania, akaandika hata vitabu kwa Kiswahili. Soma tena hapo: waziri wa Malawi alikuwa mkimbizi kwa Waswahili, na leo Waswahili ni wakimbizi Malawi. Dunia huzunguka.

Mwaka 1971 Banda akawa Rais wa Maisha. Wapinzani, na hata watu waliosema neno moja tu baya kilabuni, walifungwa bila kesi, na Dzaleka ilikuwa moja ya sehemu walizopelekwa. Kila mtu alitakiwa awe na kadi ya chama. Mashahidi wa Yehova waliokataa kuinunua walipigwa na kufukuzwa vijijini, na mwaka 1972 maelfu yao wakavuka mpaka kwenda Zambia na Msumbiji. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Wamalawi hawajui ukimbizi", mwambie ataje historia yake vizuri.

*Ngoma za kulazimishwa*

Sasa tufike kwenye kucheza, maana Banda alipenda sana kuchezewa.

Akina mama wa Malawi aliwaita mbumba. Kwa Wachewa, mbumba ni wanawake wa ukoo walio chini ya ulinzi wa mjomba au kaka yao, na huyo mlinzi anaitwa nkhoswe. Banda akajiita Nkhoswe Namba Moja, mjomba wa wanawake wote wa nchi. Akitua uwanja wa ndege, wanawake wanacheza. Akifungua barabara, wanawake wanacheza. Wamevaa vitenge vyenye sura yake, wamesafirishwa kutoka mbali, shamba na watoto wameachwa nyumbani. Nilimwuliza bibi mmoja wa kijiji cha jirani, tunayenunua kwake mahindi, kama alipenda zile ngoma. Akacheka. Akasema nyimbo zilikuwa nzuri na kitenge kilikuwa kizuri, ila kubaki nyumbani ndiyo haikuwezekana.

Sikilizeni jibu lile. Hakusema ngoma ilikuwa mbaya. Alisema kukataa hakukuwepo.

Na wakati huohuo, kucheza kusikokuwa kwa mjomba kulichungwa. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kudhibiti burudani, na bodi ikawa inakagua sinema, vitabu, nyimbo na michezo ya kuigiza. Mshairi Jack Mapanje, mwalimu wa chuo kikuu, alikamatwa mwaka 1987 na kukaa katika gereza la Mikuyu, karibu na Zomba, hadi mwaka 1991, bila kushtakiwa.

Upande wetu wa Kongo mambo yalikuwa ndugu na hayo. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na kufikia miaka ya 1970 nchi ikaitwa Zaïre, chama kikawa kimoja, na kukawa na kitu wazee wetu wanakiita animasyo. Wanafunzi, wafanyakazi, wauguzi, wote wanapangwa mistari, wanaimba jina la kiongozi na kukata viuno kwa mpangilio. Hiyo ndiyo mama alikuwa anaisema. Alikuwa msichana wa shule. Anasema mpaka leo akisikia ngoma za aina ile, miguu inakumbuka yenyewe kabla ya yeye kutaka.

Kwa hiyo swali la Muuzaji ni la zamani kuliko sisi. Mama zetu walijua kabisa wanamchezea nani, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye nguo walizovaa.

*Gereza likawa kambi, kambi ikapata jukwaa*

Miaka ya vita vya Msumbiji, Malawi, nchi ndogo na maskini, ilipokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Baada ya makubaliano ya amani ya Oktoba 1992 walirudi kwao. Mei 1994 Wamalawi wakapiga kura na Banda akashindwa. Mwaka huohuo wa 1994, wakati Rwanda inateketea na Burundi inawaka, Dzaleka ikageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Watu waliokimbia kufungwa na kuuawa wakapewa makazi penye kuta za gereza.

Sheria nazo zina historia. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, lakini ikaweka masharti yake, yakiwemo ya kazi na ya kutembea huru. Ndiyo maana mpaka leo mkimbizi anatakiwa kukaa kambini. Amri ya 2023 haikuanguka kutoka mbinguni. Mbegu yake ilipandwa 1987, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa.

Mwaka 2008 akafika Malawi kijana wa Lubumbashi, Trésor Mpauni, mshairi na mwanamuziki wa hip hop, jina lake la jukwaani Menes la Plume. Mwaka 2014 akaanzisha Tamasha la Tumaini. Kwanza akataka tamasha lifanyike ndani ya kambi kabisa, siyo mjini kwa ajili ya wakimbizi. Halafu ukawepo mpango wa wageni kulala katika nyumba za wakimbizi. Mtu anatoka Lilongwe, kama kilomita 40 na kitu, au anatoka Ulaya, analala kwa mama wa Kikongo, anakula bugali na sombe, asubuhi anaoga maji ya ndoo kama sisi.

Fikiria maana yake. Mwaka mzima sisi ndio tunaopokelewa, tunaohesabiwa, tunaopangwa foleni. Siku zile mbili tatu, sisi ndio wenyeji. Mgeni anauliza choo kiko wapi, na wewe ndiye unajua. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyepanga foleni miaka kumi na tano analijua uzito wake.

*Jioni yenyewe*

Basi turudi kwenye ile Jumamosi. Tuliondoka wawili, Muuzaji tukamwacha na redio yake. Njiani vumbi, kabaza zinapiga kengele, kila baiskeli imebeba mtu na nusu. Harufu ya nyama choma, ya usipa wa kukaanga, ya chapati. Mbele tukakuta watoto wamepanda juu ya kila kitu kinachopandika.

Wapiga ngoma wa Burundi ndio walianza kunitoa machozi, ingawa mimi siyo Mrundi. Rafiki yangu alinishika bega akaanza kunifundisha kwa kelele sikioni. Ngoma zile zilikuwa za mwami. Zilipigwa kwa heshima ya ufalme, na kwenye umuganuro, sikukuu ya mtama. Mwaka 2014, uleule tamasha letu lilipozaliwa, UNESCO iliziandika kama urithi wa dunia. Halafu Oktoba 2017 ikatoka amri Burundi: wanawake wasizipige, na zisipigwe nje ya sherehe rasmi bila ruhusa. "Unaona?" akaniambia. "Hapa hakuna aliyeomba ruhusa Bujumbura." Mstari wa pili, kulia, alikuwepo msichana. Alipiga kuliko wote.

Wakaja Gule Wamkulu, ngoma kubwa ya Wachewa, wenye nchi yao, na vinyago vyao. Watoto wa Kikongo walikimbia wakipiga makelele, wakarudi, wakakimbia tena. Hao nao wamepita kwenye tundu la sindano. Enzi za ukoloni wamisionari wengi waliipinga ngoma ile kama ya kishetani. Haikufa, na mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa binadamu.

Usiku ulipoingia ikafika rumba. Hapo sasa hata wazee wa msalaba mwekundu shingoni walisimama. Mnajua rumba yetu ina uhusiano na uhuru wenyewe. Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels kujadiliana na Wabelgiji, Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alikuwepo na kundi lake la African Jazz. Huko huko ndiko walikopigia "Indépendance Cha Cha", baada ya kukubaliwa kwamba uhuru utakuwa 30 Juni. Wimbo wa kucheza ukapeleka habari ya kisiasa mpaka vijiji visivyosoma gazeti. Desemba 2021 rumba ya Kongo mbili nayo ikaandikwa UNESCO. Lakini pale uwanjani hakuna aliyekumbuka UNESCO, tulikumbuka nyumbani.

Katikati ya wimbo nikamwona Muuzaji. Amebeba beseni la mandazi kichwani. Mama mguu ulimuuma, ikabidi ampelekee mzigo wake sokoni. Alikuwa anauza kwa Kichewa safi, anabishana bei na vijana wa Lilongwe, anawachekesha. Sijamwona hivyo tangu arudi. Nikamwita aje acheze. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mdomo upande wa watu wenye kamera.

Halafu umeme ukakatika. Jenereta sijui lilikosa mafuta, sijui nini. Spika kimya, taa zote pu! Watu wakapiga yowe, kisha kukawa kimya kifupi. Mtu mmoja nyuma akaendeleza wimbo kwa mdomo tu. Akaongezeka wa pili. Mrundi mmoja akagonga mdundo kwenye jerikani. Ndani ya dakika moja uwanja wote unaimba gizani, Wachewa wanapokea kiitikio wasichokijua maana, na vumbi linapanda.

Simu chache zilimulika, na katika mwanga ule nikaona beseni liko chini, tupu, na mwenyewe yuko pembeni yake amefumba macho, anacheza. Hakuna kamera iliyokuwa inaweza kumpata. Taa ziliporudi akaokota beseni lake kama hakuna kilichotokea.

Njiani tukirudi sikumuuliza kitu. Alijisemea mwenyewe: "Sikumchezea mtu."

*Ninachotaka kusema*

Sisemi tamasha limeondoa uzio. Jumatatu minibasi ziliondoka kweli kama alivyosema, na sisi tukarudi kwenye foleni ya maji. Sheria ya kutembea na kufanya kazi haibadilishwi na rumba. Anayekwambia kwamba muziki unatosha, mkatalie.

Lakini nakataa pia maneno ninayosikia kwa baadhi ya wakubwa wetu, eti mkimbizi anayecheza amesahau. Historia ya mahali hapa inasema kinyume. Waliojenga Dzaleka walitaka watu waseme "nitaacha". Waache kusema, waache kuimba cha kwao, wacheze cha mjomba tu. Anayecheza cha kwake, siku anayotaka mwenyewe, mahali hapahapa, bado hajaacha.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, naomba niwaambie kwa heshima. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, katika kambi nyingi vijana hupangwa juani toka asubuhi wachezee wageni wanaofika saa saba, wakae dakika arobaini, wapige picha. Najua nia ni nzuri. Ila bibi wa kijiji na mama wa mandazi wameshatufundisha cha kuuliza. Nani ameiita ngoma hii? Anayeitwa anaweza kusema hapana, na mgao wake au nafasi yake ya mafunzo isiguswe? Wageni wakiondoka, anabaki na nini mkononi? Mkiweza kujibu hayo matatu, tutacheza mpaka spika ziungue. Msipoweza, mtuache tukae kivulini.

Vijana wenzangu, ulizeni mama zenu na bibi zenu: walicheza nini, wapi, na nani aliwaamuru? Andikeni kabla hawajaondoka. Mimi nilikaa na mama huyu miaka sita nikinunua mandazi yake, sikujua kama alikuwa mstari wa mbele wa animasyo, mpaka siku mtu alipokataa kwenda konseri.

Muuzaji ameniruhusu niandike haya kwa sharti moja, niseme kwamba mandazi yaliisha yote usiku ule, na hela yote alimkabidhi mama. Nimesema.